Aliyeimba Sauti ya Pili

Mwalimu wa kwaya yetu alivaa viatu vya kiume. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kwa kamba, na kwenye visigino fundi wa soko la Migori alikuwa amempigilia vipande vya chuma. Wanawake wa kanisa walimcheka chinichini wakidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili. Mwalimu hakuongoza kwaya kwa mikono kama wengine. Alisema mkono unamfanya mtu atazame, na mtu anayetazama hasikii. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma, kisigino cha kulia kikigonga sakafu, na sisi ishirini na wanne tulikifuata hadi mwisho wa wimbo.

Alizaliwa lini na kwa nani, hayo sijui na sikuwahi kuuliza. Ukoo wa mtu una wasemaji wake. Mimi nilimjua miaka kumi na mmoja, nikiimba sauti ya pili katika kwaya yake, na ninayoweza kuyasema ni ya kwaya, ya kanisa, na ya Ijumaa moja ambayo ningefurahi kuisahau.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: ukikosea sauti, unainua mkono mwenyewe. Hakutafuta mkosaji, ingawa sikio lake lilimjua hata kabla hajamaliza kukosea. Alisimamisha kisigino, akangoja. Angeweza kungoja mpaka chai ikapoa. "Mimi sikukuja hapa kuwinda mtu," alikuwa akisema. "Mwenye kitu alete." Nilipoinua mkono mara ya kwanza nilijua atanisema vibaya mbele ya watu. Alisema neno moja tu, "Rudia," nikarudia, tukaendelea, na kosa lile sikulisikia tena maishani. Waliochelewa kuinua mkono ndio walioteseka, tena si kwa maneno yake, bali kwa kule kungoja.

Alikuwa mkali, sitamsafisha. Makofi kwenye wimbo hakuyataka kabisa. Wakati fulani tulialikwa kuimba bonde la Lambwe, mkutano wa hadhara uwanjani, na mbung'o wa kule hawana heshima ya ibada. Katikati ya ubeti wa pili mmoja akamuuma mwimbaji wa sauti ya tatu shingoni, jamaa akajipiga kofi. Kisigino kikanyamaza. 

"Umepiga makofi," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, ni mbung'o."

"Mbung'o aliumwa na wewe ama wewe uliumwa na yeye? Mwache ashibe. Tuanze tena."

Tulianza tena, na niliwaona wenzangu wakiumwa huku wakiimba, machozi yakiwatoka, na wenyeji wakafikiri ni Roho.

Lakini mwanamke huyohuyo, mchimbaji mmoja wa dhahabu alipofukiwa na shimo kule Macalder, alifanya jambo ambalo hakuna mwingine kwetu angelifanya. Marehemu alikuwa mlevi, hakuwa amebatizwa, na wazee wa kanisa wakakataza kwaya isiende. Mwalimu hakubishana nao. Alifunga kamba za viatu vyake akaenda peke yake. Waliokuwepo walisema aliimba kando ya kaburi ubeti wa kwanza kwa sauti ya kwanza, ubeti wa pili kwa sauti ya pili, wa tatu kwa ya tatu, na wa nne akaushusha mpaka chini kabisa kwenye besi, ili yule mtu azikwe na kwaya kamili. Aliporudi, mzee mmoja alimuuliza nani alimpa ruhusa. Akajibu, "Kwaya haikuenda. Niliyeenda ni mimi."

Nilimpenda sana, na nilimwogopa. Nadhani vyote viwili vilinifaa mpaka siku vilipogombana.

Kuna kisa kingine lazima nikiseme kwanza. Shemasi mmoja wa kanisa letu alikuwa na kijana wake katika kwaya, sauti nzuri ajabu. Siku hizo disko matanga zilikuwa zimeshika kila boma: maiti ndani, spika nje, vijana wakicheza mpaka asubuhi. Huyo kijana alionekana kwenye moja akicheza. Mwalimu hakumkemea. Alingoja Jumatano tatu za mazoezi ainue mkono, na Jumatano ya nne akamwambia, "Wewe pumzika." Kijana hakurudi tena kwenye kwaya, na baada ya hapo hakurudi hata kanisani. Baba yake hakusema kitu. Alikiweka moyoni.

Sasa ile Ijumaa. Kwetu Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla jua halijazama unga uwe umesagwa, maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi na chakula cha kesho kimepikwa, kwa maana Sabato ikishaingia kazi zimekwisha. Basi Ijumaa mchana ukitaka kumwona mshiriki yeyote wa kanisa letu, simama njia ya sokoni. Mimi nilikuwa nimeshanunua mafuta ya taa na viberiti, nikapitia mashine ya kusaga nikiwa na debe la mahindi. Nilimkuta Mwalimu ametangulia. Mahindi yake yalikuwa nusu yameshuka mkanda wa mashine ulipokatika.

Mwenye mashine, ambaye hakuwa wa kanisa lolote, alitukana kidogo kwa Kijaluo, akaomba msamaha, akachukua baiskeli kwenda mjini kutafuta mkanda mwingine. Kabla hajaondoka aliwasha redio iliyoning'inia kwenye msumari. "Mama zangu, msikilize hiyo redio msiboeke," akasema, akaenda zake. Tukabaki wawili. Mwalimu alikuwa karibu na mlango, penye mizani. Mimi nilikuwa ndani zaidi, nyuma ya mashine, ninapeta mahindi yangu.

Mashine ikizimika, masikio hubaki yanavuma kwa muda. Yangu yalikuwa bado yanavuma gitaa lilipoanza. Lilianza peke yake, gitaa la umeme, sauti chafu ile ya makusudi, likarudia mara mbili, kisha ngoma zikaangukia humo zote kwa pamoja. Niliujua wimbo ule kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tena, Kisumu, ninasomea kupiga chapa, nimevaa suruali ya bugaluu na viatu vya soli nene, Jumapili mchana kwenye bugi, dansi ya vijana, jasho linanitoka na wala sijali. Kabla ya ubatizo. Kabla ya mume. Miaka ishirini sikuwa nimeusikia, na mwili wangu haukuwa umesahau hata kidogo. Niliinamisha uso kwenye ungo ili Mwalimu asinione.

Ndipo nikasikia kisigino.

Kilikuwa kinagonga saruji ya pale mashineni, sawasawa na ngoma. Nikainua macho. Mwalimu alikuwa amefumba yake, na alikuwa anaimba. Aliimba kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mwanamke aliyewahi kuwa kijana. Bila kufumbua macho akasema, "Sauti ya pili iko wapi?"

Nikaingia. Sitasema uongo, ilikuwa furaha. Tuliimba ubeti mzima, kiitikio, na ubeti mwingine, mimi nimekumbatia ungo, yeye amesimama kwenye vumbi la unga. Kwaya yetu haikuwahi kushikana vile.

Wimbo ulipoisha akafuta uso kwa leso. "Pale Macalder, klabu ya mgodi," akasema. "Nilikuwa naosha glasi. Mzungu mmoja alikuwa na gramafoni. Hiyo ndiyo ilinifundisha kusikia sauti, kitabu cha nyimbo kilikuja nyuma."

"Sasa Mwalimu, ni dhambi?"

"Sijui. Nitamuuliza Mungu. Wewe peta mahindi yako."

Hapo ndipo mtu alipopiga hodi nje. Alikuwa yule shemasi, amesimama na baiskeli, gunia la mahindi nyuma. Hakuingia. Alimsalimia Mwalimu mlangoni, akauliza mashine imepatwa na nini, akaambiwa mkanda. Aliuliza tena, polepole, "Na uko peke yako?" Kabla Mwalimu hajajibu mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya mashine. Sikuwa ninaokota kitu. Niliinama tu, nikakaa hivyo, mpaka nikasikia baiskeli ikiondoka. Nilipoinuka Mwalimu alikuwa ananitazama. 

Baraza la kanisa lilikaa Jumapili asubuhi. Yafaa mjue kwamba mimi nilikuwa karani wa kanisa. Kumbukumbu za vikao niliandika mimi, matangazo ya kila Sabato nilisoma mimi. Kwa hiyo nilikuwa pale mezani, daftari wazi, kalamu mkononi, Mwalimu alipoitwa ndani.

Shemasi alisimama. "Mimi nilisikia na masikio yangu. Huyu mama alifukuza kijana yangu juu ya disko matanga, leo kijana yangu hataki kusikia neno kanisa. Sasa yeye mwenyewe anaimba wimbo ya dunia, siku ya maandalio, tena makambi imebaki wiki tatu. Na hakuwa peke yake. Sauti zilikuwa mbili. Mimi ni baba ya mwimbaji, naelewa sauti."

Mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hakupenda mambo haya, akamgeukia. "Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli. Niliimba."

"Na mwenzako ni nani?"

"Aliyeimba anajijua," Mwalimu akasema. "Kwa kwaya yangu mtu hujitaja mwenyewe. Mpeni nafasi."

Akanyamaza. Mikono nyuma. Baraza likamngoja yeye, na yeye akangoja, na watu wa pale hawakujua kwamba anayengojwa ni mimi. Nilisikia kuku wakichakura nje. Nilikuwa na sababu zangu: binti yangu alikuwa aolewe Agosti katika kanisa lile, na mume wangu alikuwa anatajwa kwa uzee wa kanisa. Nimezirudia sababu hizo mara nyingi, na kila nikizikusanya zinatoka woga. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kalamu. Niliutumia kuandika. Niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa karani: "Alikataa kumtaja mwenzake."

Kwa ajili ya wimbo walimpa miezi mitatu. Kwa ajili ya kukataa kutaja, wakaifanya mwaka mzima. Asiongoze, asiimbe mbele, akae na washiriki. Kisha mtu akauliza kwaya itaenda makambi ya Homa Bay, mkutano mkubwa wa mwaka, na nani, na mzee wa kanisa akanitazama kwa upole, akasema, "Karani amekaa naye miaka mingi." Hilo nalo niliandika.

Niliongoza. Niliongoza kwa mikono, kwa kuwa viatu vyangu havikuwa na sauti. Makambi watu walitusifu, mchungaji mgeni akanishika mkono akasema kanisa letu lina hazina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nguoni mwa Mwalimu, na kanisa zima lilidhani mimi ni kifungo.

Mwaka ule wote alikuja kila Sabato, mapema kuliko wote, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Sauti yake hata wakati wa kuimba pamoja haikusikika. Niliposimama kusoma matangazo aliinua uso akaniangalia, moja kwa moja, mpaka nikakaa. Nikajiambia ananitia moyo. Nikajiambia, amenisitiri, na mtu anayekusitiri hukuangalia hivyo. Jambo hilo nililishika kwa mikono miwili. Wakati fulani nilimtumia sukari na sabuni, zikarudi vilevile, fundo la mfuko halijafunguliwa. Nikasema ni kiburi cha watu wa sanaa.

Mwaka ulipokwisha baraza likamrudisha kwa kura. Alisimama, akashukuru, akaomba barua ya uhamisho. Alikuwa anaenda kukaa na dada yake Homa Bay. Barua za uhamisho huandikwa na karani. Niliandika kwamba ni mshiriki mwema, hana doa, na tunampendekeza kwa ndugu wa huko. Aliisoma palepale mezani pangu, akaikunja mara mbili, akasema, "Ero kamano," asante, na kisigino chake kikashuka ngazi za kanisa.

Nilimwona tena mwaka wa mvua za El Nino, zile zilizobeba barabara. Nilikuwa nimeenda Homa Bay kutafuta kitambaa cha sare za kwaya, kwa maana cha Migori kilikuwa kinachuja. Nilipita barabara ya kushuka ziwani, na kwenye baraza la duka moja nikaona viatu vile chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule, na nyuma ya mashine alikuwa yeye, nywele zimekuwa nyeupe pembeni.

"Umekonda," akasema. "Kwaya inakumaliza?"

Tukacheka. Akanipa kigoda, akaagiza chai. Aliniuliza habari za binti yangu, nikamwambia ana watoto wawili. Aliniuliza nani sasa anaimba besi. Nilimuuliza kama anafundisha kwaya ya huku, akasema hapa hakuna anayejua kwamba anaimba, na ni vizuri, masikio yanapumzika. Mkono wake uliendelea kusukuma mashine kwenda na kurudi, na sweta la kijani likaendelea kushuka.

Nilikuwa nimelibeba neno langu miaka mitatu, nikaona hapa ndipo. Nikasema, "Mwalimu, sijawahi kukushukuru. Siku ile ya baraza ulinisitiri."

Mashine ikasimama.

"Nani alikwambia nilikusitiri?"

Nikaviangalia viatu vyake chini ya meza.

"Mimi nilikuachia nafasi," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nangoja. Nilingoja hiyo Jumapili, nikasema labda ameshtuka, atasema Sabato. Nikakaa pale nyuma. Mwaka mzima, nyamera, dada yangu. Ukisimama na hiyo karatasi yako mimi nasema, leo. Leo dada yangu atasema. Unasoma mkutano ya akina mama, unasoma harusi, unakaa."

"Nilidhani unanionea huruma."

"Najua vile ulidhani." Akatoa uzi uliokwama kwenye sindano ya mashine, akaupuliza. "Ningekutaja, ungenichukia, halafu ungepona. Sikukutaja. Hapo hata mimi nilikosa."

Nililia pale barazani, mwanamke mzima, watu wakipita na kuniangalia. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize. Chai ikaja, akaiweka mbele yangu.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe bado ni karani?"

"Bado."

"Bado unasoma matangazo?"

"Ninasoma."

 Aliishika tena mashine yake. Nikamwambia, "Sabato hii, Mwalimu. Sabato hii nitasema mbele ya watu wote." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Nimesikia," na sweta likaanza kushuka tena.

Njia nzima ya kurudi Migori niliyapanga maneno. Yalikuwa machache. Niliimba mimi. Sauti ya pili ilikuwa yangu. Mlimwadhibu kwa kosa langu, na mimi nikaliandika. Alhamisi niliyasema peke yangu jikoni, na Ijumaa, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, niliyasema tena moyoni, na hayakunitetemesha. Nilijua nitaweza.

Sabato ikafika. Kanisa lilijaa, mvua ilikuwa imepumzika na watu wa mbali waliweza kuja. Mzee wa kanisa akatangaza zamu yangu, nikasimama. Nikasoma mkutano wa akina mama, Jumanne saa nane. Nikasoma tangazo la ndoa, mara ya pili. Nikasoma wagonjwa wa kutembelewa. Karatasi ikaisha, nami nikabaki nimesimama, nimeishika, watu wakinitazama.

Mzee wa kanisa akaegemea mbele kwa upole wake uleule. "Kuna lingine, karani?"

"Hakuna," nikasema, nikakaa.